Toba ya Chacha Ilivyofika Ringwani

Jumapili iliyopita hapa Turwa tulitubu kanisa zima kwa pamoja, na tukamaliza kwa muda ambao mimi nisingeweza hata kumenya ndizi za mchana. Mhubiri alikuwa mgeni, kijana mwenye suti iliyombana, na spika alizokuja nazo zilitosha kuwahubiria watu mpaka Sirari. Alituambia tufumbe macho, tuinue mikono, turudie maneno yake, tukarudia. Kisha akatuambia kila mtu amgeukie aliye karibu naye amwambie, "Jirani, umesamehewa." Mimi kanisani ni mtiifu kuliko ninavyokuwa nyumbani, kwa hiyo nikamgeukia mama mmoja mnene mwenye kitenge cha kijani, nikamwambia kama nilivyoagizwa. Akanitazama kwa jicho moja, la pili bado kalifumba, akasema, "Mimi? Kwani nilimwibia nani?" Ndipo nikamtambua. Kuna watu ambao miaka huwabadilisha kila kitu ikawaachia ulimi, na Nyangi ni mmoja wao. Tulicheka mpaka mzee mmoja wa kanisa akaja kusimama karibu nasi, mikono nyuma, nasi tukainamisha vichwa tukaendelea kucheka kwa mabega.

Nilimchukua nyumbani kwa chakula cha mchana, ugali wa mtama na muhogo, na mgagani nilioulaza kwenye maziwa tangu jana yake. Alikuwa amekuja mjini kumwona mjukuu wake anayesoma hapa. Alikula vizuri, akausifu mgagani, akaniambia chumvi imezidi, akaongeza tonge. Tukazungumza habari za mwaka mmoja tu, ule niliokaa kijijini Nyarero, kana kwamba miaka mingine yote haikuwahi kuwepo. Mimi siidharau toba ya dakika moja. Mungu anasikia haraka kuliko tunavyosema, na huenda yule kijana wa spika alimwokoa mtu asubuhi ile. Ila kwangu neno toba lina harufu. Nikilisikia nasikia harufu ya ng'ombe aliyelowa, ya moshi wa jiko la watu, na ya kiatu kilichochanika njiani. Siwezi kulisikia nikabaki nimekaa kwenye kiti.

Mwaka ule nilikuwa nimetoka shule na sina la kufanya. Nani aliamua niende Nyarero na kwa sababu gani, hayo ni mambo ya ukoo, yana watu wengi na kila mmoja ana toleo lake; tuyaache. Nilikaa kwa shangazi yangu, mke wa Mwinjilisti Matiko. Nyumba yao ilikuwa ya matofali ya kuchoma na bati, na sebule yake ilikuwa na kila kazi: darasa la ubatizo, baraza la ndoa zenye matatizo, ghala la mahindi wakati wa mvuno, na chumba changu cha kulala. Viti vilivikwa vitambaa vya kufuma, vyeupe, ambavyo shangazi alivivua kila wageni wa darasa walipokuja na kuvirudisha wakiondoka, maana alisema wokovu hauondoi jasho. Jiko lilikuwa nje, hatua chache tu, na dirisha la sebule lilitazamana na mlango wa jiko. Mtu akikaa penye moto akichambua mboga, alisikia kila kilichofundishwa ndani. Mafundisho yangu yote ya dini niliyapata hivyo, mikono ikiwa kwenye sufuria, na mpaka leo nikisikia mahubiri marefu hutamani kuchambua kitu.

Chacha aliokoka baada ya mvuno. Alikuwa mwanamume mrefu, mchoma matofali, mwenye mke na watoto wawili wadogo, na Kiswahili cha Sirari alikowahi kufanya kazi ya kupakia mizigo. Kila mtu alijua kwamba ujanani alikuwa miongoni mwa wale waliokuwa "wanakwenda kwa ng'ombe." Ndivyo tulivyouita wizi wa ng'ombe, kwa upole, kama vile mtu anakwenda kwa mjomba. Siku hizo kijana ambaye hakuwahi kwenda aliulizwa kama anaumwa. Kwa hiyo Chacha aliposimama mbele ya kanisa akasema kwamba kabla ya kuoa alivuka Mto Mara akachukua ng'ombe wa mzee mmoja wa Ringwani, upande wa Serengeti, ng'ombe mweusi mwenye tumbo jeupe, hakuna aliyeshtuka kwa habari yenyewe. Tulichoshangaa ni kumwona anaisema huku analia. Akina mama walipiga vigelegele. Mwinjilisti alishuka akamkumbatia, na kwa kuwa alikuwa mfupi, alimkumbatia kiunoni. Shangazi alichinja jogoo. Mtu pekee ambaye hakupiga makofi alikuwa mke wa Chacha, na mke wa Chacha alikuwa huyuhuyu Nyangi wangu wa kitenge cha kijani, wakati huo mwembamba kama ufito.

Kesho yake asubuhi tukiwa kisimani ndipo nilipoelewa. Wanawake walianza kumtania kabla hajatua ndoo. "Karibu, mke wa Ringwani," mmoja alisema. Mwingine akamwuliza kama huko kwa mume wake wa Serengeti wana mihogo mizuri. Maana ng'ombe yule mwenye tumbo jeupe hakuwa ng'ombe wa kuuzwa mnadani. Chacha alimpeleka kwa baba yake Nyangi, kwenye mahari. Na kwetu sisi Wakurya maneno ya mtu hayaozeshi, wala pete haiozeshi. Ng'ombe ndiye anayeozesha. Mwanamke ni mke wa boma lile lililomtoa ng'ombe. Sasa kama ng'ombe alitoka Ringwani, na mwenyewe hakujua kwamba ametoa, Nyangi alikuwa mke wa nani? Walikuwa wanamtania tu, wale kina mama, na Nyangi alicheka nao, akawajibu kwamba huyo mume wa Ringwani angalau hajawahi kumpiga. Lakini tulipokuwa tunarudi alitua ndoo katikati ya njia, akasimama. "Robi," akaniambia, "jana yule alipokuwa analia, mimi nilikuwa navuliwa nguo." Nikambebea ndoo yake.

Jioni ile darasa la ubatizo lilikuwa limeanza, Chacha amekaa mbele kabisa, daftari jipya magotini, na mimi nipo jikoni na shangazi tunasonga ugali. Nyangi akaingia sebuleni bila hodi, mtoto mgongoni.

"Shikamoo, Mwinjilisti. Nina swali."

"Marahaba. Uliza, binti."

"Huyu Chacha ametubu kwa nani?"

"Kwa Mungu," Mwinjilisti alisema. "Na mbele ya kanisa lake."

"Kanisa liliibiwa ng'ombe?"

"Hapana."

"Mungu aliibiwa ng'ombe?"

Nilisikia Mwinjilisti akivuta kiti. "Dhambi yoyote, Nyangi, unamkosea Mungu kwanza."

"Sawa, nimesikia. Kwanza ni Mungu. Na wa pili?"

Shangazi aliacha mwiko umesimama katikati ya ugali. Nyangi alisubiri kwa adabu, kisha akasema kwamba yeye anarudi kwa baba yake, na watoto wanakwenda naye. Siku mwenye ng'ombe atakaposema kwa mdomo wake mwenyewe kwamba amepokea, siku hiyo atajua ameolewa. Mpaka hapo yeye alikuwa mgeni tu kwa Chacha, na mgeni akikaa sana huchosha. Alipotoka alipita jikoni, akaaga, akakubali kipande cha ugali cha kumnyamazisha mtoto. Shangazi alimtazama mpaka akapotea kwenye migomba, kisha akaugeuza ugali, ambao ulikuwa umeungua, na tulikula hivyohivyo bila mtu kulalamika.

Nimemheshimu Mwinjilisti Matiko maisha yangu yote kwa jambo moja: alikuwa na uwezo wa kuona haya. Alikaa na swali lile kama mtu aliyemeza mfupa. Juma lililofuata alifundisha somo la toba upya tangu mwanzo, na mfano aliotumia ulikuwa wa kulima kwa ng'ombe. Alisema mmeona dume la plau likifika mwisho wa shamba. Linaweza kugeuza kichwa, likatazama nyuma, likakutazama hata kwa huruma, na plau likaendelea kuchana mpaka kwenye shamba la jirani. Kugeuka ni miguu. Basi, alisema, mimi niliwafundisha kichwa, nisameheni. Na Chacha aliyekuwa akisikiliza aliuliza swali ambalo kila mtu mle ndani alikuwa nalo.

"Sasa mimi nifanye aje? Niende Ringwani? Wale watu wataniua."

"Inawezekana," Mwinjilisti alisema.

"Si ungesema tu hapana, Mwinjilisti, ili nipate nguvu?"

"Nikisema hapana na wakakuua, nitakuwa mwongo. Lakini nitakwenda na wewe. Wakikuua, nitakuwa nimeona."

Jikoni shangazi alicheka mpaka akajifuta machozi kwa khanga, kisha akanyamaza ghafla, maana alikuwa amekumbuka kwamba huyo anayekwenda kuona ni mume wake.

Kabla ya Ringwani palikuwa na kikwazo kingine, naye ni Mzee Magige, baba yake Nyangi. Ng'ombe mwenyewe aliyeibwa alikuwa amekwisha kufa, lakini alimwacha binti, mwenye tumbo jeupe lilelile, mwenye maziwa mengi kuliko wote zizini, na mzee alimpenda kuliko alivyowapenda baadhi ya watu. Kwa mila, mzao ni wa mwenye mama. Mzee Magige hakuwa mtu wa kanisa. Alipofuatwa alisema Mungu wa Matiko ana ng'ombe wa dunia nzima, huyu mmoja wa nini. Kazi ya kumgeuza haikufanywa na Mwinjilisti. Ilifanywa na Nyangi, ambaye sasa alikuwa ndiye anayempelekea chakula. Kila mzee alipoinua kibuyu cha maziwa, Nyangi alimwuliza kwa sauti ya upole kabisa, "Tata, haya maziwa ni ya nani?" Hakuongeza neno. Asubuhi aliuliza, jioni aliuliza, na wageni wakiwepo aliuliza mbele ya wageni. Nilikwenda kumtembelea siku moja nikamkuta mzee amejificha nyuma ya ghala na kibuyu chake, anakunywa harakaharaka kama mtoto aliyeiba sukari. Aliponiona akaniambia, "Mwambie huyo Chacha aje aichukue ng'ombe yake kabla sijaacha kunywa maziwa." Chacha alimpelekea dume lake mwenyewe, alilolipata kwa matofali, wakabadilishana. Mzee Magige alilipokea dume akilitazama kwa masikitiko, akasema halina maziwa lakini angalau halina maswali.

Tulisafiri kiangazi, maji ya Mto Mara yakiwa yamepungua. Tulikuwa Mwinjilisti na shangazi, Chacha na ng'ombe, Nyangi na mtoto mdogo mgongoni, na mimi niliyebeba chakula. Nyangi alikataa kubaki. Alisema wanaume wakitumwa mahali hurudi na habari wanazozitaka. Mwinjilisti alikuwa amechukua kibali cha ng'ombe ofisi ya kijiji na alikuwa ametuma ujumbe kwa mwinjilisti mwenzake wa Ringwani, ili tusipokelewe kwa mishale. Hata hivyo, kila kijiji tulichopita watu walitoka kututazama, maana tangu wazaliwe walijua ng'ombe wa namna ile huvuka usiku kwenda kaskazini, na huyu alikuwa anakwenda kusini, mchana, na wimbo. Chacha alikuwa na aibu ya ajabu. Hakujua kutembea na ng'ombe juani. Alikuwa anashika pembeni ya njia, kwenye vichaka, mpaka shangazi akamwambia, "Chacha, njoo katikati ya barabara, sisi si wezi leo." Nyangi alitembea mbele, hakumsemesha mumewe njia nzima, lakini niliona kwamba kila tulipopumzika alitazama miguu yake ilivyovimba. Tulilala kwa waumini wa njiani, wakatupa uji wa wimbi, na mwenye nyumba alilala zizini, huko alikofungwa yule ng'ombe, na upinde, kwa kuwa alisema itakuwa aibu mtu aibe toba ya watu kwake.

Mzee Wambura wa Ringwani alitupokea nje ya nyumba yake, kwenye viti vilivyopangwa, mwinjilisti wa huko pembeni yake na wazee wachache wa kijiji wamekaa kwenye gogo. Alikuwa mkavu, mrefu, masikio yametobolewa kizamani. Boma lake lilikuwa safi, na upande mmoja lilizibwa na ua wa minyaa mrefu kuliko mtu, mnene usiopitisha hata kuku. Nyuma yake tulisikia watu wengine, mtu akipasua kuni, mtoto akiitwa. Tulisalimia, shikamoo zikapita mpaka kwa mdogo wa mwisho. Lugha yao na yetu ni ndugu, lakini Chacha alisema kwa Kiswahili, nadhani kwa sababu Kikurya kingemtoa machozi. Alisema yote. Alisema, "Mzee, mimi ndiye mwizi wako. Mama yake alikufa, huyu ni mtoto. Nimekuja kumrudisha, na ukitaka kuniadhibu, niko hapa." Wazee wa kwenye gogo walinong'ona. Mzee Wambura aliinuka, akamzunguka ng'ombe polepole, akapapasa lile tumbo jeupe, akavuta sikio lake, na uso wake ukaanza kulainika. Nyangi alikuwa ameshika mkono wangu, anaubana mpaka vidole vinaniuma.

"Mura," mzee alimwambia Chacha, kama mtu anavyomwita kijana wake, bila hasira, "umefanya kitu ambacho sijawahi kuona. Nitaichukua. Lakini kwanza niambie. Nani alikufungulia lango usiku ule?"

"Hakuna, mzee. Mvua ilikuwa kubwa, mbwa wako wameingia ndani. Mchana wake mlikuwa na harusi, na mimi nilikuwa kwenye wageni, nikaona magogo ya lango yanavyovutwa. Niliyavuta mwenyewe, na nikayarudisha."

"Mahende hakukufungulia?"

Chacha alimtazama. "Mahende ni nani?"

Upande wa pili wa ua wa minyaa shoka lilikuwa limenyamaza. Mzee Wambura aliuachia mkono wake ukaanguka kutoka kwenye sikio la ng'ombe. Alirudi kwenye kiti chake, akakaa, akailaza fimbo yake magotini. Kisha akasema, "Hii ng'ombe siichukui. Rudini nayo." Mwinjilisti wa huko alijaribu kusema neno, akanyamazishwa kwa kiganja. Chacha alipiga magoti. "Mzee, nimekosea nini tena?" Na mzee akamjibu kwa uchungu ambao haukuwepo aliposikia habari za wizi, "Ungebaki nayo tu. Nani alikuita?"

Sisi wanawake tuliitwa jikoni kusaidia, kwa kuwa hata ugomvi kwetu hauzuii chakula. Mke wa Mzee Wambura, bibi mdogo wa umbo mwenye macho ya kucheka, alikuwa anasonga ugali. Shangazi alimwuliza kwa sauti ya chini kama mzee ameudhika kwa kupewa mtoto badala ya mama. Bibi alicheka puani. "Anaogopa huo ua, ng'ombe ni kisingizio." Akatueleza bila kuacha mwiko. Mahende ni mdogo wake mzee, tumbo moja, titi moja. Ng'ombe alipoibwa, na lango likakutwa limefungwa vizuri, mzee alisema mbele ya kijiji kizima kwamba mtu wa ndani ndiye aliyefungua, na mtu wa ndani ni Mahende, maana walikuwa wamegombana juu ya shamba la mihogo juma lilelile. Mahende aliapa, hakusikilizwa. Mzee akapanda minyaa. "Tangu siku hiyo hawajasalimiana. Nikikosa chumvi mimi nazunguka mpaka barabarani ili nikaombe kwa shemeji yangu, na ukitema mate hapa wanayasikia kule." Akaugeuza ugali. "Sasa akiichukua hii ng'ombe, amekubali maneno ya mwizi. Na akiyakubali, lazima aende pale. Yeye, mkubwa, kwa mdogo wake. Afadhali mngemletea simba."

Nikamwangalia Nyangi. Ndiyo kwanza nilielewa kwamba ndoa yake yote, watoto wake, na ile safari ya miguu kuvimba, vilikuwa vimesimama mbele ya ua wa minyaa wa watu asiowajua. Hakulia. Alimfunga mtoto mgongoni vizuri, akajifunga khanga, akatoka. Tukatoka nyuma yake. Alikwenda mpaka mbele ya Mzee Wambura, akapiga magoti na kuinamisha kichwa.

"Tata, mimi ndiye niliyeolewa kwa ng'ombe yako."

Mzee aliinua macho.

"Huyu mtoto ni wa ng'ombe yako. Ukikataa kupokea, mimi sina mume na watoto wangu hawana baba. Nimekuja kukuomba. Huyu mtu ametembea kutoka Nyarero kuja kukwambia amekosa. Wewe ni kuzunguka hapo tu."

Wazee wa kwenye gogo walitazama chini. Nilidhani atamfukuza. Mzee Wambura alimtazama Nyangi, akautazama ule ua.

"Mwanangu," alisema, "Nyarero ni karibu."

Nimesikia mahubiri mengi juu ya toba tangu wakati ule, na baadhi nimeyaandika, lakini hakuna lililonieleza ugumu wake kama yale maneno matatu ya mzee ambaye hakuwa hata amebatizwa. Tunapenda kutubu kwa wageni. Mungu, tukisema kweli, mara nyingine tunamfanya mgeni wa namna hiyo, yuko mbali, hatutakutana naye kisimani kesho. Aliye nyuma ya ua anajua sauti yetu ya kukohoa. Mzee alikaa pale mpaka nikaanza kusikia harufu ya ugali unaoiva zaidi ya kipimo. Kisha aliinuka, akaichukua kamba ya ng'ombe mkononi mwa Chacha, akatoka nayo kwenye lango. Tukamwona anazunguka ua, kichwa chake hakionekani, ncha ya fimbo tu inayopita juu ya minyaa. Hakuna aliyemfuata. Bibi alisimama mlangoni mwa jiko, mwiko mkononi.

"Hodi," tulimsikia.

Kimya.

"Hodi hapa."

"Nani?" sauti ya Mahende iliuliza, ingawa alikuwa amesikia kila neno tangu mwanzo, na alijua.

"Wambura."

"Wambura gani?"

Bibi alijiziba mdomo kwa kiganja asicheke. Ng'ombe akapiga kwato. Na mzee akasema, kwa sauti ambayo nadhani hakuwa ameitumia tangu wakiwa wadogo, "Wa mama yako."

Tukasikia magogo ya lango yakivutwa, moja baada ya jingine. Baada ya hapo hatukusikia maneno, tulisikia wazee wawili wakilia, na kulia kwa wazee si kuzuri kusikiliza, kwa hiyo mwinjilisti wa Ringwani akaanza kuuliza hali ya mahindi Tarime. Mwinjilisti wetu akajibu kwamba mahindi ni mazuri, huku machozi yanamtiririka. Ng'ombe hakurudi upande huu. Mzee Wambura alimwacha kwa mdogo wake, na aliporudi, Mahende nyuma yake, alitangaza mbele ya wote kwamba ng'ombe amepokelewa na boma lote, na kwamba mwenye kusema vinginevyo aje kwake.

Chakula kikaletwa. Bibi alitaka kunawisha wageni, lakini Nyangi alimpokea jagi na beseni. Aliwanawisha wazee, akawanawisha wainjilisti, akafika kwa Chacha. Kwetu mwanamke hatamki neno "mume wangu" mbele za watu. Atasema baba fulani, au atasema yule. Nyangi alipiga magoti, akainua jagi, akasema wazi, kila mtu akisikia, "Nawa, mume wangu." Chacha alinyoosha mikono yake mikubwa ya matofali na hakunawa. Aliyatazama tu maji yanavyoanguka kwenye viganja, mabega yakimtikisika, mpaka jagi likaisha na likajazwa tena.

Alibatizwa baadaye mwaka huohuo, mbele ya watu wengi, na Mzee Magige alikuja kutazama, akakaa nyuma. Lakini Jumapili iliyopita, tukiwa tumemaliza kula, nilimwambia Nyangi kwamba mimi nikiulizwa Chacha alibatizwa lini, huwa nasema ni siku ile ya Ringwani, kwa maji ya jagi. Nyangi alikataa. Aliniambia nimezeeka na ninapenda kupamba mambo. Yale maji yalikuwa ya kunawa tu, akasema, na Chacha alilia kwa sababu yalikuwa ya moto mno. Alimpa ya moto makusudi.